Nimetakiwa kuzungumza kwenye arobaini ya mjomba: niandike nini, na nitasemaje bila koo kunikaba?

*"Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alifariki wiki tatu zilizopita kijijini kwetu wilayani Newala. Yeye ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa darasa la tatu. Arobaini yake inakaribia, na wazee wameamua kwamba mimi, kwa kuwa nimesoma, ndiye nitakayezungumza kwa niaba ya wapwa. Nimejaribu kuandika mara nne. Kila mara napata tarehe tu, kisha maneno kama 'alikuwa mkarimu, mcheshi na mpenda watu', ambayo yangeweza kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote. Nikiyasoma kwa sauti, koo linanikaba. Mtoto wake mkubwa ananiambia kwamba kumsifu maiti hakufai katika dini. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: miaka miwili iliyopita mjomba aliweka rehani mikorosho ya marehemu mama bila kunishirikisha, tukagombana, na hatukuwahi kupatana vizuri. Nikisimama kumsifu nitajiona mnafiki. Kitu pekee kinachonijia bila kukitafuta ni jinsi alivyokuwa akinisindikiza stendi shule zinapofunguliwa, sanduku langu likiwa kwenye keria ya baiskeli, naye akiisukuma njia nzima. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake yamefungwa maswali manne: huna maneno, huna sauti, huna uhakika kama dini inaruhusu, na moyoni una ugomvi ambao haukumalizika. Nitaanza na baiskeli. Umeitaja mwishoni kana kwamba ndicho kilichobaki baada ya kushindwa kuandika, ilhali kwa maoni yangu hiyo ndiyo hotuba yako, na mengine yote uliyoyaandika mara nne yalikuwa yameifunika.

Kwanza tuweke sawa majina, kwa maana familia nyingi hukwama hapa. Tanzia ni taarifa ya kifo: nani amefariki, wapi, lini, maziko yatakuwaje. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso kule Masasi, alipolitangazia taifa tarehe 14 Oktoba 1999 kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London, ile ilikuwa tanzia. Wasifu wa marehemu ni historia yake: kuzaliwa, jando, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kufa. Hotuba ya kumkumbuka marehemu, ambayo wengine huiita taazia, ni kitu cha tatu. Msemaji mmoja anasimama na kueleza mtu huyu alikuwa nani kwake. Wewe umeombwa taazia, nawe umekuwa ukiandika wasifu, na ndiyo maana kalamu inakuletea tarehe. Wasifu mwachie mtoto wa marehemu au mzee wa ukoo ausome. Ikiwa hata huo mnataka kuuandaa pamoja na mwaka wa kuzaliwa haujulikani, msiubuni. Waulizeni wazee aliingia jandoni na akina nani, kama alikuwa mtoto wa kukimbia au bado anabebwa Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na alikuwa na umri gani watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970. Mkadirie kutoka hapo, na mseme wazi kwamba ni makadirio.

Sasa kwa nini "mkarimu, mcheshi na mpenda watu" hayafiki popote? Si kwamba ni uongo. Msikilizaji hawezi kuuona ukarimu. Neno hilo amelisikia kwenye misiba mingi, na sikio lake limezoea kulipita, kama linavyopita salamu za rambirambi za watu asiowafahamu. Lakini ukisema kwamba mtu mzima aliisukuma baiskeli njia nzima kwa sababu sanduku la mpwa wake lilikuwa kwenye keria, kila aliyekaa kwenye mkeka anaiona ile njia ya vumbi, anamwona mjomba, na mara moja anakumbuka siku yake mwenyewe na marehemu. Wewe umesema jambo moja, nao wameongeza mia kimyakimya. Sifa huwaambia watu waamini. Tukio huwaacha waone.

Sisi watu wa Kusini tulilijua hili kabla ya shule kutufundisha kuandika hotuba. Msibani mtani huweza kuvaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kama yeye na kudai chai kwa sauti yake, na watu waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi hayajakauka. Mtani hasemi "alikuwa mcheshi". Anamrudisha uani kwa dakika mbili. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari mwingine, watafute watani wa mjomba wako na uwaulize wanamwigizaje. Muulize na aliyekuwa jirani yake shambani wakati wa kupulizia salfa, aliyekaa naye foleni ya kupima korosho chama cha msingi, na mtoto mdogo kuliko wote aliyekuwa akimpelekea maji ya kunawa. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?", kwa sababu watakurudishia mkarimu, mcheshi na mpenda watu. Uliza: "Mara ya mwisho alikuchekesha kwa nini?" Uliza: "Alipokasirika alifanyaje?" Uliza alipenda kula nini, na nani alimpikia. Kama aliwahi kwenda Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, uliza alilala wapi akisubiri kuvuka Rufiji na alirudi na zawadi gani. Majibu ya namna hiyo ndiyo unayoyahitaji, na siku mbili za kuuliza zitakusaidia kuliko wiki moja ya kukaa na karatasi tupu.

Ukishakusanya, chagua machache, na hapa uwe mkali. Matukio mawili yanatosha, matatu yakizidi. Ukifika kumi, umerudi kwenye orodha. La kwanza liwe lako mwenyewe, yaani baiskeli; la pili liwe la watu wengine, ili wapwa wenzako uliotumwa kuwasemea, na watoto wa marehemu pia, wajisikie humo. Unajua kama nijuavyo mimi kwamba katika koo zetu zinazofuata upande wa mama, mjomba ana mzigo wa aina mbili, wa watoto wake na wa watoto wa dada zake. Mpwa akisimama na kusema "alinipenda kuliko wote", amewaumiza binamu zake mbele ya wageni bila kukusudia. Jitahidi kuwataja. Sema, kwa mfano, kwamba siku alizokusindikiza wewe stendi kuna mtoto wake aliyebaki akifanya kazi ya nyumbani ambayo ingekuwa ya baba.

Nitakuonyesha namna inavyoweza kusikika, nawe usahihishe nisiyoyajua:

"Assalaam alaykum. Mimi ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Nililetwa kwake nikiwa darasa la tatu. Shule zilipofunguliwa, mjomba alifunga sanduku langu kwenye keria ya baiskeli na kuisukuma mpaka stendi. Mtu mwenye baiskeli alitembea kwa miguu ili mzigo wangu upande. Wakati ule sikuliona hilo kuwa ni jambo. Nimeliona wiki hii, nilipoambiwa niandike maneno ya kumkumbuka."

Angalia kwamba hakuna sifa hata moja mle ndani, wala hakuna neno kubwa. Maneno makubwa ya misiba, kama vile "pigo lisilozibika" na "nyota iliyozimika", yaache yakupite. Andika kwa Kiswahili unachozungumza nyumbani, na kama kuna neno la Kimakonde ambalo mjomba alipenda kulitumia, liweke kama alivyolitamka, kwa sababu neno hilo moja litafanya kazi ambayo aya nzima haiwezi.

Kwa urefu, lenga dakika 4 au 5. Kwa mwendo wa polepole unaofaa msibani, hayo ni maneno kama 400 hivi, yaani kurasa mbili za daftari zilizoandikwa kwa nafasi. Watu wamekaa chini muda mrefu, kuna kisomo, kuna chakula jikoni, na wazee wengine wanahitaji kurudi vijijini kabla ya jua kuzama.

Nakuja kwenye koo. Watu wengi hudhani kwamba kukabwa ni udhaifu wa moyo na kwamba aliye imara hakabwi. Si hivyo, ni kazi ya mwili. Unapopatwa na huzuni kali au hofu, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio, mate hukauka, pumzi huwa fupi na za juu juu, na tundu lililo kati ya nyuzi za sauti hutanuka ili hewa nyingi iingie mapafuni. Lakini ili useme au umeze mate, tundu hilohilo linatakiwa lifunge. Misuli inayotanua huvutana na misuli inayofunga, na mvutano huo ndio unaousikia kama donge. Ukilazimisha sauti ipite, mvutano huzidi na sauti hukatika. Ukinyamaza, ukatoa pumzi yote taratibu kupitia mdomoni, ukanywa funda moja la maji na kuanza upya mwanzo wa sentensi, donge huanza kulegea. Hakuna atakayekuharakisha. Kimya cha sekunde 10, ambacho kwako ni kirefu kama usiku, kwa wanaokusikiliza ni pumzi moja tu, na mara nyingi ndicho wanachokihitaji wao pia.

Dawa ya pili ni kulia mapema. Soma hotuba kwa sauti kamili, si kwa macho, kila siku mpaka siku yenyewe. Mara za mwanzo utakatika mahali palepale, na nadhani itakuwa pale penye sanduku. Weka alama hapo, usipafute. Kadiri unavyorudia, moyo hauachi kuumia, ila mwili huzoea njia na huacha kushtuka. Unapopanga, usiweke sentensi hiyo mwanzoni kabisa, kabla sauti haijapata moto, wala usiifanye ya mwisho. Mbele yake weka sentensi kavu ya habari ya kawaida, kama jina la stendi au saa ya basi, ili ulimi upate pa kukanyaga. Nimeketi na familia nyingi zikijiandaa hivi, na aliyelia nyumbani mara saba ndiye aliyefika mwisho wa karatasi yake.

Usisome kwenye simu. Kioo huzimika, jua la uani hukizidi, na mtu wa mbali asiyejua ratiba atapiga kutoa pole katikati ya sentensi. Andika kwenye karatasi, upande mmoja, kwa herufi kubwa, na uweke namba kwenye kurasa. Usijaribu kukariri pia, kwa kuwa huzuni hufuta kumbukumbu kwa dakika chache, na aliyekariri akipoteza neno moja hupoteza yote. Kama kuna kipaza sauti, kiweke karibu na kidevu badala ya kukigusisha midomoni, na useme taratibu kuliko unavyodhani inatosha.

Kuhusu dini, binamu yako anastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa sababu anaogopa jambo la kweli, ila amelipanua kupita mpaka wake. Kilichokatazwa waziwazi ni maombolezo ya kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kuipinga qadari, yaani majaliwa ya Mungu. Kulia hakukukatazwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaeleza kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, na hatusemi ila lile linalomridhisha Mola. Ipo pia hadithi mashuhuri ya jeneza lililopita watu wakalitaja kwa wema, naye akaupokea ushahidi wao. Kumtaja marehemu kwa mema uliyoyaona, kwa hiyo, ni jambo lenye msingi. Kinachoharibu ni kutia chumvi, na kumhukumia mtu Pepo kana kwamba sisi ndio wenye funguo. Iko khitilafu nyingine, ambayo ni ya kuifanya arobaini yenyewe, na pengine ndiyo inayomsumbua binamu yako. Khitilafu hiyo si yako kuiamua ukiwa na karatasi mkononi. Mwendeeni imamu wa msikiti wenu mapema, wewe na binamu yako pamoja, mkamwulize mambo matatu: kama inafaa kusema, useme kabla au baada ya kisomo, na usimame wapi, kwa kuwa mahali pengine msemaji mwanamke huzungumza akiwa upande wa wanawake na wanaume wakasikia kupitia kipaza sauti. Jibu lake likubalini, hata kama ni kukutaka ufupishe.

(Kwa wasomaji wa Ndanda, Masasi na Nyangao walio Wakristo: nanyi ulizeni mapema. Kwa Wakatoliki, maelekezo ya Misale ya Kirumi yanataka mahubiri ya Misa ya wafu yasigeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu, hivyo maneno ya familia hupewa nafasi yake nyingine, ambayo paroko ndiye atakayewaelekeza.)

Limebaki lile zito. Unaogopa unafiki, na hofu hiyo inatoka kwenye dhana kwamba anayesimama msibani ametumwa kutangaza kwamba marehemu hakuwa na kosa. Hukutumwa hivyo. Umetumwa kushuhudia, na shahidi husema aliyoyaona. Baiskeli uliiona. Rehani nayo uliiona. Yote mawili ni kweli, ila si yote yana mahali pake mbele ya wageni, kwa maana mwenye kujibu hayupo na watoto wake wapo. Kunyamazia jambo moja huku ukisema kweli jingine si uongo. Uongo ungekuwa kusema "hatukuwahi kukwaruzana", na sentensi hiyo nakuomba usiiandike. Ukitaka kuligusa kidogo, ambalo mimi naliona jema kwa moyo wako, sema hivi: "Kama ilivyo kwa watu walioishi pamoja miaka mingi, ziko siku mimi na mjomba tulitofautiana. Kwa niaba yake namwomba radhi yeyote aliyemkosea, nami naomba radhi kwa niliyomkosea." Wanaojua wataelewa, wasiojua hawatapoteza kitu. Usitangaze kwamba umemsamehe kama bado hujamsamehe. Msamaha una siku yake, na hakuna aliyekupangia kwamba iwe siku ya arobaini.

Yale ambayo hayawezi kusemwa hadharani yaandike kwenye karatasi nyingine. Mwandikie mjomba mwenyewe, kwa ukali unaoutaka, kuhusu mikorosho ya mama na jinsi ulivyojisikia kupitwa. Isome ukiwa peke yako. Nimeona mara nyingi kwamba aliyeandika karatasi hii ya pili huacha kukwama kwenye ile ya kwanza, kwa kuwa lawama haitafuti tena mlango wa kuingilia katikati ya sifa.

Na suala lenyewe la rehani usilizike pamoja naye. Kwa utaratibu wa mirathi ya Kiislamu, madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana, na shamba lililokuwa la mama yako si la kugawanywa kama mali ya mjomba. Kwa hiyo lieleze kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee, kabla mgawanyo haujafanyika. Likishindikana hapo, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba. Nalitaja kwa sababu mtu akijua kwamba dai lake lina mahali pa kusikilizwa, husimama msibani akiwa mwepesi zaidi.

Ikiwa, baada ya yote haya, siku ikifika hujiwezi, una njia nyingine, na hakuna hata moja ya aibu. Unaweza kusoma sentensi tatu za mwanzo na mwingine akaendelea. Unaweza kusimama tu pembeni huku mwingine akisoma yote, ikisemwa kwamba maneno ni yako. Unaweza kuyatoa kwa maandishi yakasomwa na familia baadaye, wageni wakishaondoka. Ile ya kwanza naipenda zaidi, kwani watu wanahitaji kuisikia sauti yako japo kidogo. Lakini usijilazimishe ikiwa hata kusimama kunakutia kizunguzungu.

Kuna hali ambazo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi. Ikiwa hulali, huli, au kila usiku unarudia ugomvi ule na kujiona kwamba wewe ndiye uliyemuua, usingoje arobaini ipite. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze hivyohivyo, waweze kukuelekeza hospitali kubwa, iwe Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, au Ndanda. Likikujia wazo la kumfuata mjomba, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, na akusindikize hospitali. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limelitambua ombolezo lililopitiliza, linalodumu zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuendelea na maisha, kuwa ni tatizo la kiafya lenye matibabu. Wiki tatu baada ya kufiwa, kulia kwako si ugonjwa. Ni haki ya mjomba.

La mwisho ni la siku yenyewe. Tengeneza nakala mbili za hotuba. Moja ishike wewe, nyingine mpe mtoto mkubwa wa marehemu, huyohuyo aliyekukataza, baada ya nyinyi wawili kurudi kutoka kwa imamu. Mwombe akae karibu nawe na kufuata kwa kidole mstari kwa mstari, na ukikwama pale penye sanduku zaidi ya unavyoweza kuvumilia, asome yeye. Ukifika mwisho, mwombee mjomba dua, itikia amina pamoja na watu, ukae. Nakala aliyoishika usiidai. Iwe yake.